Kuandaa miwani ya VR kwa mara ya kwanza: mwongozo kamili wa Meta Quest 3 na 3S

Maswali ninayoulizwa kuhusu miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuweka ndani ya picha inayokuzunguka, yanafanana mno. Mmoja anaona picha ina ukungu. Mwingine alimvisha mama yake dakika mbili, mama akataka kutapika. Wa tatu sasisho limekwama na hajui afanye nini. Mwisho wa wote ni uleule: kifaa kinarudi kwenye boksi, boksi linapanda juu ya kabati, na mwenye nacho anawaambia watu kwamba teknolojia hii bado haijafika.

Imefika. Kinachokwamisha ni saa moja ya mwanzo, na hasa jinsi kifaa kinavyokaa kwenye uso wa mtu. Quest 3 ya kampuni ya Meta ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499, na 3S ikafuata Oktoba 2024 kwa dola 299. Ongeza usafirishaji na ushuru hadi imfikie mtu wa Mwanza au Nakuru, utaona ni pesa ya kutosha kuanzia biashara ndogo. Inaniuma kuona pesa hiyo inakaa kabatini kwa sababu ya gurudumu dogo la kurekebisha lenzi ambalo mnunuzi hakuonyeshwa.

Fuata hatua kwa mpangilio. Usiruke ya nne hata kama una haraka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha

- Miwani, rimoti zake mbili na betri za AA. Kila rimoti inakula betri moja. Nunua mbili za akiba.
- Simu mbili. Moja ya kuwekea programu ya Meta Horizon, nyingine ya kurusha Wi-Fi. Simu moja ikifanya kazi zote mbili, mara nyingi mawasiliano hukatika katikati ya kuoanisha.
- Bando la kutosha, tuseme GB 10. Sasisho la kwanza peke yake huweza kuzidi GB 1, na programu zenyewe bado. Bando la usiku ndilo rafiki yako hapa.
- Chaja ya USB-C ya wati 18 au zaidi. Miwani iliyotoka Dubai huja na plagi ya pini tatu kama zetu. Iliyotoka Marekani ina pini mbili bapa: tafuta adapta, na usome maandishi madogo kwenye chaja uhakikishe inapokea volti 100 hadi 240.
- Kitambaa laini cha mikrofaiba, kile cha kufutia miwani ya macho. Kiwe kikavu.
- Rula yenye milimita na kioo cha kujitazamia.
- Mkeka mdogo na kiti kisicho na magurudumu.
- Nafasi tupu ya mita 2 kwa 2.

### Kama unanunua iliyotumika

Usilipe kabla ya kuivaa. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kivinjari na uangalie kwa makini: ukiona vidoa vya rangi au mistari isiyosogea hata ukigeuza kichwa, skrini imeungua kwa jua na haitengenezeki. Kisha mwombe muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako na kuirejesha ilivyotoka kiwandani. Akikataa au akisema utafanya mwenyewe nyumbani, mwachie kifaa chake.

Njia ya kurejesha ni hii: zima miwani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti hadi menyu nyeusi itokee. Chagua Factory Reset kwa vitufe vya sauti na uthibitishe kwa kitufe cha kuwashia.

## Hatua ya 1: Toa, kagua, weka mbali na jua

Bandua plastiki zote zinazofunika lenzi na kamera za mbele. Kwenye kila rimoti kuna kijikaratasi kinachochomoza pembeni. Kivute, ndipo betri iguse chuma. Wengi wanaosema rimoti ni mbovu hawajakivuta.

Weka miwani kwenye chaji. Taa ndogo pembeni itakuwa ya rangi ya chungwa, na ikijaa itageuka kijani.

Onyo kubwa kuliko yote: lenzi hizi hukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye skrini iliyo nyuma yake, kama kioo cha kukuzia kinavyochoma karatasi. Jua likizipiga moja kwa moja, hata kwa muda mfupi, huacha doa la kudumu. Na hatari haiko nje tu. Iko kwenye meza iliyo karibu na dirisha saa kumi jioni, jua linapoingia kwa ubavu. Iko kwenye dashibodi ya gari. Miwani ikitoka kichwani, izoee kufunikwa kitambaa kizito palepale, hata kama unaenda kunywa maji tu.

## Hatua ya 2: Fungua akaunti kwenye simu

Weka programu ya Meta Horizon kwenye simu, fungua akaunti kwa barua pepe unayoitumia kweli, kisha washa Bluetooth na huduma ya mahali. Vaa miwani, fuata maelekezo, na namba ya kuoanisha itaonekana ndani yake. Ilinganishe na ya simu.

Tarehe ya kuzaliwa iandike ya kweli. Meta hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10. Wa miaka 10 hadi 12 anatumia akaunti inayosimamiwa na mzazi. Wapo wanaomwandikia mtoto miaka ya mtu mzima ili kuokoa muda, halafu wanashangaa anapokutana na watu wazima asiowajua kwenye vyumba vya mazungumzo. Dakika tano za kuandaa akaunti ya mtoto zinamlinda.

Wi-Fi ya hoteli au chuo, ile inayokutaka ujaze jina kwenye ukurasa kwanza, huleta shida sana kwenye hatua hii. Tumia ya simu.

Utajua umefaulu pale jina la miwani litakapoonekana kwenye programu ya simu pamoja na kiwango cha chaji.

## Hatua ya 3: Sasisha usiku, usiikatize

Miwani ikipata Wi-Fi itaanza kupakua sasisho. Iache kwenye chaja. Itajizima na kuwaka yenyewe.

Kabla ya kulala, ingia kwenye mipangilio ya simu inayorusha Wi-Fi na uzime kipengele cha kuzima hotspot yenyewe baada ya muda. Simu nyingi za Android zinacho, na ndicho kinachowakatia watu upakuaji saa nane usiku. Simu hiyo nayo iwe kwenye chaji.

Asubuhi ukikuta duara la upakuaji limesimama palepale, shikilia kitufe cha kuwashia hadi miwani izime, iwashe na ujaribu tena. Usikimbilie kuirejesha ilivyotoka kiwandani: utaanza kupakua upya kila kitu na bando litateketea.

Pakua mambo mawili tu kwa kuanzia: First Encounters, ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya mgeni, na YouTube. Kivinjari kimo tayari.

### Mpangilio mmoja ambao karibu kila mtu anaukosa

Ndani ya Settings, sehemu ya ufuatiliaji wa mwendo, kuna chaguo la masafa ya ufuatiliaji: otomatiki, 50 Hz au 60 Hz. Hz ni idadi ya midundo kwa sekunde. Taa za umeme humetameta kwa kufuata mdundo wa umeme wenyewe, kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaona. Umeme wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo ni wa 50 Hz. Wa Marekani ni 60. Ukiona chumba kinatetemeka usiku taa zikiwaka, au miwani inakuambia imepoteza mahali ilipo wakati mchana ilikuwa sawa, weka 50 Hz.

## Hatua ya 4: Ikalishe kichwani sawasawa

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tutakaa.

Sehemu kali ya lenzi, ile inayotoa maandishi safi, ni ndogo. Mboni zako zikiwa juu yake kidogo, chini yake kidogo au pembeni, unaona ukungu. Ubongo unajitahidi kuusafisha, misuli ya macho inachoka, kichwa kinaanza kuuma. Mtu analaumu skrini, na skrini haina kosa.

### Kamba

Legeza kamba za pembeni na ya juu. Shika miwani kwa mbele, iweke usoni kwanza, halafu vuta kamba nyuma ishuke hadi chini ya lile nundu la kisogo. Hapo ndipo inaposhika. Ikikaa katikati ya kichwa itateleza kila ukitazama chini.

Sasa kaza za pembeni kwa upole, kisha ya juu. Kamba ya juu ndiyo inayobeba uzito. Quest 3 ina gramu 515 na 3S ina 514, karibu zote mbele ya uso. Mtu akikaza za pembeni pekee, uzito huo wote unabanwa kwenye mashavu na paji la uso, na baada ya robo saa ana alama nyekundu na maumivu.

Utajua umefaulu ukitikisa kichwa taratibu kushoto na kulia miwani isicheze, na bado kidole kikaweza kupita kati ya sponji na shavu.

### Juu na chini

Fungua maandishi yoyote madogo. Shika miwani kwa mikono miwili, ipandishe na kuishusha milimita chache chache. Kuna mahali maandishi yatakuwa makali ghafla. Simama hapo, kaza kamba ya juu. Ukungu mwingi ninaoulizwa huishia kwenye zoezi hili.

### Umbali kati ya mboni

Watu hawafanani. Simama mbele ya kioo, karibu kiasi cha sentimita 20, na uweke rula kwenye paji la uso. Funga jicho la kulia, linganisha sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula wala kichwa, funga la kushoto, fungua la kulia, usome namba iliyo juu ya mboni. Rudia hadi namba ijirudie.

Kwenye Quest 3 kuna gurudumu dogo chini ya miwani. Ukilizungusha, namba inaonekana kwenye skrini. Meta inasema inawafaa wenye milimita 53 hadi 75. Weka yako, au iliyo karibu nayo zaidi.

Kwenye 3S, na pia Quest 2, lenzi zenyewe zinasukumwa kwa mkono na zina vituo vitatu: 58, 63 na 68. Ukiwa na milimita 61 au pungufu, chukua cha kwanza. Kati ya 61 na 66, cha pili. Zaidi ya hapo, cha tatu. Zishike pembeni kwenye plastiki, usiguse kioo.

Usimwachie mgeni kipimo chako. Baba mwenye 69 akimkabidhi binti mwenye 58 miwani bila kurekebisha, binti ataona ukungu na atasema hapendi VR.

### Miwani ya macho, nywele na ushungi

Anayevaa miwani ya macho asiivue ikiwa anaihitaji kuona mbali. Kwenye Quest 3, ndani ya fremu ya usoni kuna vitufe viwili. Vibonyeze na uvute fremu mbele, kuna nafasi nne. Kwenye 3S tumia kipande cha kuongeza nafasi kinachopachikwa chini ya fremu. Angalia lenzi mbili zisigusane: kioo cha miwani ya macho kinakwaruza lenzi ya VR na mkwaruzo haufutiki. Kuvaa, anza mbele kurudi nyuma. Kuvua, sukuma mbele kwanza, usipandishe juu.

Mwenye misuko au rasta za kufunga juu afungue fundo alishushe. Nyuma ya kamba kuna uwazi, nywele zilizofungwa chini zinapita hapo. Kamba ikikaa juu ya fundo, kila kitu nilichoeleza kuhusu kisogo kinapotea.

Mwenye ushungi havui chochote. Kamba inapita juu ya kitambaa. Shida ni vitambaa vinavyoteleza: mpe muda avae kofia ya ndani ya pamba, aondoe pini zote za kisogoni na pembeni mwa kichwa, kisha kamba ikazwe. Kama kuna wanaume chumbani na anahitaji faragha ya kurekebisha, msaidizi awe mwanamke. Panga hilo mapema, usimweke mtu kwenye hali ya kuchagua kati ya heshima yake na somo.

## Hatua ya 5: Andaa chumba

Kamera za miwani zinajua mahali ulipo kwa kutazama chumba. Zinahitaji mwanga wa kutosha na vitu vya kutazama. Ukuta mweupe mtupu, vigae vinavyong'aa na kioo kikubwa huzichanganya. Funika kioo kwa kanga, tandika mkeka juu ya vigae, fungua pazia kiasi kwamba mwanga uingie lakini jua lisiingie. Taa ndogondogo za urembo zizimwe, kwa kuwa rimoti hufuatiliwa kwa vimulimuli vidogo na kamera huvichanganya na taa hizo.

Halafu tazama juu. Feni ya dari. Ni rahisi kuisahau, lakini vyumba vyetu vya pwani vinayo, tena imeshuka. Mtu anayenyoosha mkono kukamata kitu cha kwenye ndoto haioni. Izime, au usogee pembeni kabisa. Feni ya kusimama, kinyume chake, ni msaada: iweke mbele ya mtu kwa kasi ndogo. Upepo usoni unampa mwili mwelekeo na unapunguza kichefuchefu.

Ondoa meza fupi, nyaya za sakafuni, na watoto wadogo. Kisha chora mpaka kwa rimoti kama miwani inavyoelekeza, ukiacha nusu mita hadi ukutani. Weka mkeka katikati: mguu ukihisi sakafu tupu, mtu anajua ametoka katikati bila kuambiwa.

Utajua umefaulu ukitembea kuelekea ukutani ukuta wa mistari ukajitokeza kabla hujaugusa.

## Hatua ya 6: Dakika kumi za kwanza

Usianze na video ya vigari vya reli vinavyopanda na kuporomoka. Najua ndicho kinachochekesha watu kwenye simu. Ndicho pia kinachowafukuza watu wasirudi tena.

Sababu ni hii. Jicho linaona mwili unaenda kasi, kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio kinasema umekaa. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalojibu. Vijoistiki vya kutembelea vinaleta hali hiyohiyo.

Fuata mpangilio huu:

1. Mtu akae kwenye kiti. Aone kwanza chumba chake mwenyewe kupitia kamera, aangalie mikono yake, azoee.
2. Fungua First Encounters. Chumba kinabaki kilekile, vitu vinaongezwa juu yake. Mwili na jicho vinakubaliana, kichefuchefu hakipati nafasi.
3. Ndipo video ya digrii 360, yaani inayokuzunguka pande zote, ambayo kamera imesimama mahali pamoja. Ya mbugani wanyama wakipita ni nzuri. Ya kuruka na ndege isubiri siku nyingine.
4. Vua baada ya dakika kumi hata kama anataka kuendelea.

Dalili za mwanzo ni jasho jembamba la paji la uso, kupiga miayo, mate kujaa mdomoni. Ukiona moja, vua palepale. Hakuna kujikaza. Anayejikaza leo, kesho tumbo linamgeuka akiiona miwani tu. Mwenye kifafa, mjamzito na mwenye kifaa cha moyo kifuani waongee na daktari kabla ya kuvaa.

Neno kuhusu video zinazoonekana hafifu hata miwani ikiwa imekaa vizuri. Video ya 360 ya 4K ina pikseli (nukta za picha) 3840 kuzunguka mduara mzima. Kwenye 3S unaona upana wa kama digrii 96 kwa mara moja, kwa hiyo zinazofika machoni ni karibu 1,000 tu, na zimetandazwa mbele ya uso wako wote. YouTube ikishusha ubora kwa sababu ya mtandao, hata hizo hazifiki. Ichague mwenyewe 4K au zaidi kwenye gia ya video, na uiache ijipakue kidogo kabla ya kumvisha mtu.

## Hatua ya 7: Kuwavisha wengi, darasani au kwenye kikundi

Walimu ndio wanaoniuliza zaidi, na hesabu ndiyo inayowaangusha. Kumrekebishia mtu mmoja kunachukua dakika 3, kutazama dakika 5. Wanafunzi 40 ni dakika 320, zaidi ya saa tano, na betri inatoa saa mbili na kidogo. Kwa vipindi viwili vilivyoungana vya dakika 40, miwani moja inatosha wanafunzi 10. Panga kumi, na wengine washiriki kwa kutazama.

Ili watazame, rusha picha ya miwani kwenye simu au kompyuta kwa kitufe cha Cast. Vifaa vyote viwe kwenye Wi-Fi moja. Hii si mapambo: bila kuona anachokiona aliyevaa, huwezi kumwelekeza, na darasa linageuka kelele.

Menyu haina Kiswahili, kwa hiyo fundisha vitufe kabla ya mtu kuvaa, rimoti ikiwa mkononi na macho yakiona. Kifyatulio cha kidole cha shahada, kitufe cha kushikia cha kidole cha kati, na kitufe chenye alama ya Meta ambacho akikishikilia picha inarudi mbele yake. Vitatu hivyo vinamtosha mgeni.

Usimguse aliyevaa bila kusema. Hakuoni. Sema jina lake, sema unataka kufanya nini, ndipo umguse bega. Na asipigwe picha akiwa amevaa bila ruhusa yake, maana hawezi kujua.

Kitu cha kuonyesha hakikosi. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalipimwa na kuwekwa kwenye miundo ya 3D katika mradi wa Heritage on the Edge, uliotolewa na Google Arts & Culture pamoja na CyArk, shirika linalopima maeneo ya kale kwa 3D, na ICOMOS, baraza la kimataifa la kulinda maeneo hayo, mwaka 2020. Fungua kwenye kivinjari cha miwani, ligeuze jengo kwa rimoti. Mwanafunzi wa Dodoma ambaye hajawahi kuiona bahari anaweza kukagua kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa akiwa ameketi kwenye dawati.

## Hatua ya 8: Usafi na kuhifadhi

Sponji ya usoni ifutwe kwa kila mtu, kwa tishu zenye dawa zisizo na alkoholi. Kwa kundi, nunua kifuniko cha silikoni: jasho haliingii. Mwenye macho mekundu yanayotoa tongotongo asivae siku hiyo.

Lenzi zifutwe kwa mikrofaiba kavu tu, kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Spirito, sabuni ya vyombo na sanitaiza vinaharibu utando wa juu wa lenzi.

Mombasa, Tanga, Unguja na Dar, unyevu ni adui wa pili baada ya jua. Ukungu wa kweli, ule wa kuota, unaweza kuingia kwenye lenzi. Hifadhi kwenye boksi linalofunga pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ikikaa muda mrefu, toa betri za rimoti, na miwani yenyewe iache na nusu ya chaji.

## Kabla ya kununua kinachofuata

Wanaoniuliza kama wasubiri miwani nyepesi inayokuja, jibu langu linategemea kazi. Kwa darasa, mafunzo na kuonyesha majengo, Quest inatosha leo. Kwa kuvaa barabarani siku nzima, vifaa ndiyo kwanza vinaanza kutoka, na ni bora ujue vinafanya nini hasa.

Meta Ray-Ban Display ilianza kuuzwa Marekani Septemba 2025 kwa dola 799. Ina gramu 69. Lakini picha yake iko kwenye jicho la kulia tu, katika dirisha la digrii 20. Itakuonyesha ujumbe, ramani na tafsiri. Kilwa haitakuonyesha. Unaiendesha kwa mkanda wa mkononi unaosoma ishara za misuli, na mkanda huo lazima ubane sawasawa ngozini. Ndiyo maana ilianza kuuzwa kwenye maduka ambako mnunuzi anajaribishwa na kupimwa kwanza. Apple nao, kwa Vision Pro ya dola 3,499, humpima mnunuzi uso kwa kamera ya simu ili kuchagua sponji inayomfaa. Miwani inazidi kuwa nyepesi, lakini kazi ya kuikalisha kwa kila uso imebaki palepale. Anayeagiza kupitia mtu wa Dubai bila kujaribu anakosa kipimo hicho, kwa hiyo mtumie anayekununulia umbali wa mboni zako na, kama unavaa miwani ya macho, karatasi ya daktari wa macho.

Swali la mwisho la kumuuliza muuzaji linahusu kamera. Miwani hizi zinatazama nyumba yako na watu waliomo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Shule au ofisi inayorekodi nyuso za watu inapaswa kuwa na ridhaa yao, na kwa mtoto, ridhaa ya mzazi. Andaa karatasi ya ridhaa pamoja na betri za akiba.